Soseji, smokie, hotdogi na mbwa soseji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali ya jikoni yako mwanzo, na ya mbwa soseji, yaani dachshund, mbwa mrefu mwenye miguu mifupi, yako mwisho. Vipimo vyote vya joto ni vya selsiasi na vinasomwa kwa kipimajoto cha jikoni kilichochomekwa kutoka ncha ya soseji hadi katikati yake. Kama huna kipimajoto, kinunue kabla ya kununua mashine nyingine yoyote.

Soseji, smokie na hotdogi zinatofautiana wapi?

Soseji ni jina la ukoo mzima: nyama iliyosagwa, ikatiwa chumvi na viungo, ikajazwa kwenye utumbo au ngozi ya kutengenezwa. Tofauti inayomhusu mpishi ni moja: ni mbichi au imeshaiva? Soseji za kifungua kinywa zinazouzwa madukani Kenya na Tanzania nyingi ni mbichi, na zinatakiwa kuivishwa kama nyama yoyote. Smokie na soseji ya hotdogi zimeshatiwa moshi na kupikwa kiwandani, hivyo kazi yako ni kuzipasha. Usiamini rangi, soma lebo. Ikisema ipikwe kabla ya kuliwa, ni mbichi hata kama inaonekana nyekundu na imekaza.

Kwa kawaida hotdogi ni soseji ikiwa ndani ya mkate wake mrefu. Smokie ikizungushiwa chapati ni smocha, na ikipasuliwa ikatiwa kachumbari ni smokie pasua.

Ndani ya hotdogi kuna nini hasa?

Nyama, mafuta, maji, chumvi, viungo na naitriti, kemikali ya kuhifadhia nyama. Kwa sheria za Marekani mafuta hayatakiwi kuzidi asilimia 30, na mafuta pamoja na maji yaliyoongezwa yasizidi asilimia 40. Hadithi za kwato na macho hazina msingi: viungo kama moyo au ini vikitumika lazima vitajwe kwenye lebo. Kilicho kweli ni nyama iliyobanduliwa mifupani kwa mashine. Ya kuku inaruhusiwa mradi itajwe. Ya nguruwe haitakiwi kuzidi asilimia 20 ya hotdogi. Ya ng'ombe ilipigwa marufuku kabisa mwaka 2004 kwa sababu ya ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe.

Nyama husagwa na visu vinavyozunguka kwa kasi huku barafu ikiongezwa, mpaka usione chembe ya nyama wala ya mafuta. Barafu ile inaongeza uzito, ndiyo, lakini kazi yake kubwa ni kupoza. Visu hutoa joto, na rojo likipita nyuzi 15 hivi mafuta hujitenga na nyama. Soseji ikipikwa hutoka imekunjamana na kujaa vifuko vya mafuta. Rojo hujazwa kwenye ngozi ya selulosi (nyuzi za mimea), hutiwa moshi, hupikwa hadi karibu nyuzi 70 katikati, humwagiwa maji baridi, kisha mashine huichana ile ngozi na kuivua. Ndiyo maana hotdogi nyingi hazina ngozi ya kutafuna.

Kwa nini imebaki nyekundu wakati imeiva?

Ni naitriti. Hushikana na protini inayoipa nyama rangi, na rangi hiyo haigeuki kahawia kwenye moto. Huzuia pia bakteria wa botulizimu (sumu ya chakula inayoweza kuua), ambao hustawi mahali pasipo hewa, kama ndani ya soseji. Soseji mbichi isiyo na naitriti lazima igeuke kijivu au kahawia inapoiva.

Anayetaka kutengeneza smokie zake anunue chumvi maalumu ya kuhifadhia nyama yenye naitriti ya asilimia 6.25, na kipimo chake ni gramu 2.5 kwa kila kilo ya nyama. Pima kwa mizani ya gramu, usikadirie kwa kijiko. Naitriti tupu isiyochanganywa na chumvi isiingie jikoni mwako kabisa. Kiasi kidogo mno kinatosha kuua, nayo kwa macho inafanana na chumvi ya mezani.

Kila nikikaanga soseji zinapasuka. Nakosea wapi?

Moto ni mkali mno, katika visa tisa kati ya kumi. Ngozi hujikaza inapopata joto, na maji yaliyomo ndani hugeuka mvuke kwa wakati huohuo. Ngozi inasinyaa, ndani kunavimba, na penye udhaifu panapasuka. Ukiitoa soseji kwenye friza na kuitumbukiza kwenye mafuta yanayotoa moshi unapata hasara mbili, maana nje imeungua na katikati bado ina barafu.

Fanya hivi. Yeyusha soseji ndani ya friji usiku kucha. Zipange kwenye kikaango kikiwa bado cha baridi, pamoja na kijiko kimoja cha mafuta, halafu washa moto mdogo wa wastani. Geuza kila dakika mbili. Dakika 12 hadi 15 zinatosha soseji ya unene wa kawaida. Ya ng'ombe ifike nyuzi 71 katikati, ya kuku 74. Kwa jiko la mkaa, sogeza makaa upande mmoja na upange soseji upande wa pili. Zikishaiva ndipo uzivute juu ya makaa kwa dakika moja zipate rangi.

Wauza chipsi hawana dakika 15 za kumsubirisha mteja. Njia yao nzuri ni kuzichemsha polepole asubuhi, kuzipoza haraka na kuziweka kwenye friji, kisha kuzitupia kwenye mafuta ya nyuzi 160 mteja anapofika. Mafuta ya chipsi yakiwa kwenye nyuzi 180, soseji itafunguka mbele ya macho yake.

Kuzichoma kwa uma kabla ya kupika si dawa. Mafuta na mchuzi vinatoka, na soseji inabaki kavu. Sindano inafaa mahali pamoja tu: kutoboa kiputo cha hewa unachokiona kwenye soseji uliyoijaza mwenyewe.

Hotdogi nichemshe dakika ngapi?

Usichemshe. Chemsha maji, zima moto, tumbukiza hotdogi, funika, subiri dakika 8 hadi 10. Maji yakiwa kati ya nyuzi 75 na 80 yanatosha. Anayeishi Nairobi asijidanganye kwamba kwa kuwa maji huko huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi basi ni salama kwa soseji. Bado ni moto mno na ngozi itapasuka. Kama imetoka friza moja kwa moja, ongeza dakika 5.

Naweza kutengeneza soseji nyumbani bila mashine?

Unaweza, ila ujue kabla ya kuanza kwamba ubaridi ndio utakaokufaulisha au kukuangusha. Kwa kilo moja:

- nyama ya ng'ombe ya bega au kidari, gramu 750
- mafuta magumu ya ng'ombe, gramu 250
- chumvi, gramu 16 (vijiko vya chai viwili na nusu hadi vitatu, vya kusawazisha)
- pilipili manga ya unga, gramu 3
- giligilani ya unga, gramu 2
- kungumanga iliyokunwa, nusu gramu
- kitunguu saumu kilichopondwa, punje 2
- maji ya barafu, mililita 100

Kata nyama na mafuta vipande vya sentimita 3, tandaza kwenye sinia na uweke kwenye friza dakika 30 hadi 45, mpaka kingo zikaze lakini katikati kisu kipite. Changanya na chumvi na viungo, kisha saga. Kama huna mashine ya kusagia, tumia visu viwili vizito kwenye kibao, ukikatakata kiasi kidogo kidogo huku kilichobaki kikiwa bado kwenye friza. Au mwombe bucha akusagie, ukimkabidhi nyama na mafuta vikiwa baridi kabisa.

Sasa ongeza maji ya barafu na ukande kwa mkono dakika mbili hadi tatu. Wengi huiruka hatua hii. Chumvi ikikandwa na nyama huitoa protini inayonata, na protini hiyo ndiyo inayoshika maji na mafuta. Jaribio lake ni rahisi: bandika tonge kwenye kiganja, geuza kiganja kitazame chini. Tonge likianguka, endelea kukanda. Likishika, kaanga kipande kidogo uonje chumvi, kwa sababu ukishajaza hakuna kurudi.

Kujaza bila mashine, kata chupa ya plastiki upate faneli, vuta utumbo uliolowekwa kwenye mdomo wake, sukuma nyama kwa kidole gumba. Usijaze ukakaza. Acha nafasi ya kusokota kila sentimita 12, moja kulia, inayofuata kushoto. Huna utumbo? Sokota nyama kwenye karatasi ya plastiki ya chakula inayovumilia joto, funga ncha zote mbili, pika kwenye maji ya nyuzi 80 kwa dakika 20, poza, menya, kaanga. Umbo litakaa vilevile.

Soseji zilale kwenye friji usiku mmoja bila kufunikwa. Ngozi hukauka na viungo huingia.

Imetoka kavu na ina chengachenga, na mafuta yote yamebaki kwenye kikaango. Kwa nini?

Sababu ziko tatu. Nyama ilipata joto wakati wa kusaga au kukanda, mafuta yakapakaa badala ya kubaki vipande. Au hukukanda vya kutosha. Au ulitumia nyama isiyo na mafuta ukidhani unajali afya. Chini ya asilimia 20 ya mafuta, soseji haiwi soseji. Mapishi ya Kiingereza, ambayo soseji nyingi za Afrika Mashariki zimeyarithi, huongeza gramu 50 hadi 100 za makombo ya mkate mkavu kwa kilo ili yanyonye mchuzi. Si udanganyifu mradi lebo iseme.

Utumbo unasafishwaje?

Ukinunua ulioshatiwa chumvi, suuza, loweka kwenye maji ya vuguvugu dakika 30 hadi 60, kisha pitisha maji ndani yake kutoka bombani ili uone ulipotoboka. Utumbo wa kondoo hutoa soseji nyembamba za milimita 20 hadi 26, na wa mbuzi unafanya kazi hiyohiyo.

Wa kutoka machinjioni una kazi zaidi. Ubonye uchafu wote, ugeuze ndani nje, uweke kwenye kibao na uparue ute kwa mgongo wa kisu mpaka ubaki mwembamba na uone kidole chako upande wa pili. Sugua kwa chumvi na ndimu, badili maji mara nne au tano, na usiache mpaka harufu iishe. Unaobaki hufukiwa kwenye chumvi kavu na kuwekwa kwenye friji.

Mutura nayo ni soseji?

Ni soseji kamili, na kwa maoni yetu ndiyo bora kuliko zote zinazouzwa barabarani. Ina asili ya Wakikuyu. Utumbo wa mbuzi au ng'ombe hujazwa nyama iliyokatwakatwa, damu, vitunguu na pilipili, huchemshwa kwanza ili damu igande, kisha huchomwa polepole juu ya makaa na kukatwa vipande juu ya kibao, chumvi na kachumbari pembeni. Wajerumani na Wahispania nao wana soseji zao za damu. Mutura huharibika kwa namna mbili: utumbo usiosafishwa vizuri, na kuruka hatua ya kuchemsha. Ukimwona mchomaji anaweka mbichi moja kwa moja motoni, ndani haitaiva kabla nje haijawa mkaa. Kwa kuwa ina damu, Waislamu hawaili.

Hukaa siku ngapi kwenye friji?

Soseji mbichi, siku moja hadi mbili. Hotdogi au smokie kwenye pakiti isiyofunguliwa, wiki mbili, au mpaka tarehe ya lebo kama inafika mapema. Ikishafunguliwa, wiki moja. Kwenye friza hazitakudhuru hata zikikaa muda mrefu, ila baada ya miezi miwili ladha hushuka.

Umeme ukikatika usifungue mlango. Friji iliyofungwa hushika ubaridi saa 4. Friza iliyojaa hushika saa 48, na iliyojaa nusu hushika saa 24. Soseji iliyoyeyuka lakini bado ina chembe za barafu inaweza kugandishwa tena. Iliyofikia joto la chumba kwa zaidi ya saa mbili itupe, hata kama hainuki. Ute mweupe unaoteleza kwenye smokie ni dalili kwamba bakteria wamestawi, na kuuosha kwa maji hakuiponyi.

Mjamzito anaweza kula hotdogi?

Ndiyo, ikiwa moto unaotoa mvuke, yaani nyuzi 74 katikati. Ya baridi kutoka kwenye pakiti, hapana. Tatizo ni bakteria aitwaye listeria. Anaweza kuingia kwenye soseji baada ya kuiva kiwandani, na tofauti na wenzake wengi huendelea kuzaliana ndani ya friji. Kwa mtu mzima mwenye afya mara nyingi huwa homa ya kupita. Kwa mjamzito huweza kuharibu mimba au kumfikia mtoto. Mlipuko mkubwa kuliko yote uliorekodiwa duniani ulitokea Afrika Kusini mwaka 2017 na 2018. Wagonjwa walipita 1,000, waliofariki walipita 200, na chanzo kilikuwa polony, soseji nene iliyopikwa kiwandani, iliyotoka kiwanda kimoja mjini Polokwane. Polony huliwa baridi, na hapo ndipo ilipoponza. Wazee na wanaoishi na VVU wafuate kanuni hiyohiyo.

Mtoto wangu wa miaka miwili anapenda soseji. Nimkatie vipi?

Usimkatie vipande vya mviringo. Kipande cha soseji kina unene uleule wa njia ya hewa ya mtoto, kinateleza, na kinabanwa humo kama kizibo. Kwa watoto wa chini ya miaka 4, menya ngozi, pasua soseji kwa urefu mara nne, kisha katakata vipande vidogo. Mtoto akae chini anapokula. Asikimbie wala kuchekeshwa.

Ni kweli zinaleta saratani?

Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, Oktoba 2015 liliweka nyama zilizosindikwa kwenye kundi la kwanza, yaani vitu ambavyo ushahidi wa kusababisha saratani kwa binadamu unatosha. Sigara ipo kundi hilohilo, lakini kundi linapima uhakika wa ushahidi, halipimi ukubwa wa hatari. Ukubwa wenyewe ni huu: kila gramu 50 zinazoliwa kila siku, ambazo ni kama hotdogi moja, huongeza uwezekano wa saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18 hivi. Anayekula mara moja kwa wiki yuko mbali na hapo. Anayefungua kinywa kwa soseji mbili kila siku yuko ndani yake. Chumvi nayo isisahauliwe: hotdogi moja huwa na karibu miligramu 500 za sodiamu, robo ya kiwango cha siku nzima kwa mtu mzima.

Nitajuaje kama ni halali?

Maneno "soseji ya ng'ombe" hayatoshi. Uliza vitu vitatu: mnyama alichinjwa vipi, ngozi imetengenezwa kwa kolajeni (protini ya ngozi ya mnyama) ya ng'ombe au ya nguruwe, na mashine zinazotumika kiwandani zinagusa nguruwe au la. Nembo ya halali ya taasisi inayotambulika hujibu yote matatu. Soseji ya kuku inayouzwa bila lebo, kwa kupimwa tu, haijibu hata moja.

Nataka kuuza smokie kwa troli. Nianze na nini?

Na vibali: leseni ya biashara kutoka kaunti au halmashauri, na cheti cha afya cha anayeshika chakula, ambacho Kenya huhuishwa kila miezi 6. Halafu boksi la baridi lenye barafu kwa pakiti ambazo hazijafunguliwa, na jiko linaloweza kuzishika smokie juu ya nyuzi 60 muda wote. Smokie ya vuguvugu iliyokaa saa nne pembeni ya moto ni hatari kuliko ya baridi iliyo kwenye barafu.

Kisu kipite kwa urefu bila kufika upande wa pili, smokie ifunguke kama kitabu. Ipashe upande wa ndani kwanza, kwa sababu ndimo kachumbari itakapokaa.

Kachumbari ndiyo inayowaangusha wauzaji, si smokie. Nyanya iliyokatwa na kukaa juani ni shamba la bakteria. Kata kidogo kidogo, kila saa moja hadi mbili, na usimwage mpya juu ya ya zamani. Toa mbegu na maji ya nyanya, la sivyo chapati ya smocha inalowa kabla mteja hajavuka barabara. Kitunguu kisuguliwe na chumvi, kisuuzwe, kikamuliwe. Ndimu itiwe mwisho. Anayepokea pesa asishike kachumbari. Kama uko peke yako, tumia koleo na uache M-Pesa ifanye kazi yake.

Hotdogi ilianzia wapi?

Soseji yenyewe ni ya Ujerumani na Austria. Frankfurt wanaidai na Vienna wanaidai, na kila mji ukiuliza utaambiwa jina la mwenzake: Vienna wanaiita Frankfurter, Wajerumani wanaiita Wiener. Mkate uliongezwa na wahamiaji wa Kijerumani Marekani. Charles Feltman aliuza soseji kwenye mkate huko Coney Island, Brooklyn, jijini New York, kuanzia miaka ya 1860 na 1870. Mwaka 1916 Nathan Handwerker, mhamiaji kutoka Poland, alifungua kibanda jirani na kuuza kwa senti 5 wakati kwa Feltman zilikuwa 10. Kibanda chake kipo mpaka leo, na mashindano ya kula hufanyika hapo kila tarehe 4 Julai. Joey Chestnut alimaliza hotdogi 76 kwa dakika 10 mwaka 2021.

Jina la utani la mbwa lilitokana na utani wa karne ya 19 kuhusu nyama iliyokuwa ndani, na tayari limo kwenye magazeti ya Marekani ya miaka ya 1890. Ile hadithi ya mchora katuni wa michezo aliyeshindwa kuandika neno dachshund akaandika "hot dog" inapendwa sana, lakini katuni yenyewe haijawahi kupatikana.

Hotdogi ya Chicago inapangwaje?

Soseji ya ng'ombe mtupu, mkate wenye mbegu za popi uliopashwa kwa mvuke, kisha kwa mpangilio: haradali ya njano, achari tamu ya kijani kibichi kabisa, kitunguu kilichokatwa, vipande vya nyanya upande mmoja, kipande kirefu cha tango la achari upande wa pili, pilipili ndogo za siki, na chumvi ya seleri juu. Tomato sosi haiwekwi. Ukiiomba, jiandae kuhutubiwa.

Dachshund, huyo mbwa soseji, ni mbwa gani?

Ni mbwa wa uwindaji wa Ujerumani, aliyezalishwa ili aingie mashimoni kumtoa mnyama wa Ulaya aliye jamaa ya nyegere, mwenye makucha na hasira za ukoo huo. Kifua kirefu kwa pumzi chini ya ardhi, miguu mifupi ya kuchimbia, sauti nzito ili mwindaji aliye juu asikie alipo. Chama chake cha Ujerumani kiliundwa mwaka 1888. Dachshund mwenye rangirangi aitwaye Waldi alikuwa nembo ya Olimpiki ya Munich mwaka 1972, na hata njia ya mbio za marathoni ilichorwa kwa umbo lake.

Manyoya ni ya aina tatu: laini mafupi, marefu, na magumu kama brashi. Kwa vipimo vya Marekani mdogo hazidi kilo 5, na wa kawaida ni kilo 7 hadi 14.5. Ulaya hupima mzunguko wa kifua badala ya uzito. Huishi miaka 12 hadi 16.

Miguu mifupi ni ugonjwa?

Ni badiliko la jeni. Nakala ya ziada ya jeni iitwayo FGF4, iliyotambuliwa mwaka 2009, hufanya mifupa ya miguu iache kurefuka mapema. Mwaka 2017 ikapatikana nakala ya pili, kwenye kromosomu nyingine, na hiyo huharibu pia diski za uti wa mgongo: huzeeka na kukauka mbwa akiwa bado mchanga. Umbo lililompa jina ndilo linalomletea maradhi yake makubwa.

Dalili za tatizo la mgongo ni zipi, na nifanye nini?

Karibu dachshund mmoja kati ya watano, au hata mmoja kati ya wanne, hupata tatizo la diski maishani, mara nyingi akiwa na miaka 3 hadi 7. Dalili za mwanzo ni ndogo: anakataa kuruka kwenye kochi alilokuwa akiliruka jana, anakunja mgongo, anatetemeka, analia ukimshika, shingo imekakamaa. Baadaye miguu ya nyuma inayumba, kucha zinaburuza, na mwisho haisogei kabisa na mkojo haumtoki au unamtoka bila yeye kujua.

Ukiona dalili za mwanzo, mfungie siku hiyohiyo kwenye kizimba cha kutosha kusimama na kugeuka tu, kisha mpigie daktari wa mifugo. Hayo ni mapumziko ya wiki 4 hadi 6, akitoka kwa ajili ya haja tu, kwa kamba. Watu wengi hushindwa wiki ya pili, maumivu yakiwa yameisha na mbwa akiwa anataka kucheza, kumbe diski haijapona.

Miguu ikiacha kusogea, ni dharura ya saa hizo, si ya kesho. Mlaze kwenye ubao au ndani ya boksi gumu ili mgongo usipinde njiani. Mbwa asiyehisi hata vidole vyake vikibanwa kwa nguvu anahitaji upasuaji, na kila saa inayopita baada ya saa 24 hupunguza nafasi yake. Usimkande mgongo. Usimpe diklofenaki, ibuprofeni wala paracetamol za watu. Mbili za kwanza hutoboa tumbo na kuua figo za mbwa, ya tatu huharibu ini.

Nimbebe vipi, na kochi je?

Mkono mmoja chini ya kifua, wa pili chini ya makalio, mgongo ulale sawa na sakafu. Usimnyanyue kwa kwapa miguu ikining'inia, na wafundishe watoto hivyohivyo. Kochi na kitanda viwekewe ubao wa mteremko mpana wenye zulia ili asiteleze. Kuruka kutoka juu kwenda chini ndiko kubaya zaidi. Kwa matembezi tumia mkanda wa kifua badala ya ukosi.

Alishwe nini na kiasi gani?

Mzima wa kilo 5 anahitaji takriban kilokalori 300 hadi 370 kwa siku, kwa milo miwili. Pima kwa mizani. Ukipitisha vidole ubavuni uhisi mbavu bila kubonyeza, na ukimtazama kutoka juu uone kiuno. Asiye na kiuno amenenepa, hata kama jirani anasema amependeza. Kila gramu ya ziada inabebwa na mgongo uleule mrefu.

Anaweza kula soseji?

Kipande cha ukubwa wa ukucha kama tuzo ya mafunzo hakimuui. Hotdogi nzima ina kilokalori 150 hivi, karibu nusu ya chakula chake cha siku, pamoja na chumvi nyingi na mafuta yanayoweza kuwasha kongosho. Kibaya zaidi ni vitunguu, viwe kwenye soseji au kwenye kachumbari iliyobaki. Gramu 15 hadi 30 za kitunguu kwa kila kilo ya mwili wa mbwa zinatosha kuharibu chembe nyekundu za damu. Kwa mbwa wa kilo 5, hicho ni kitunguu kimoja cha wastani. Kitunguu saumu kina sumu ya jinsi hiyohiyo.

Anafaa ulinzi?

Kutoa taarifa, ndiyo, tena kwa sauti ambayo mtu aliye nje ya geti hataamini inatoka wapi. Kumzuia mtu, hapana. Lakini usimdharau: hung'ata wageni, na mara nyingine wenye nyumba, kuliko watu wanavyotarajia kwa mbwa wa kimo hicho. Mzoeze wageni na watoto akiwa kati ya wiki 3 na 14. Atachimba bustani. Mpe kona yake yenye mchanga, kwa sababu kumpiga hakutaiondoa tabia aliyozalishwa kuwa nayo.

Nikinunua mtoto wa mbwa nichunguze nini?

Waone wazazi wote wawili, uulize kama kuna aliyewahi kupooza. Ukiambiwa wazazi wote wana madoadoa ya marumaru, ondoka. Kila mtoto wa wazazi hao ana uwezekano wa asilimia 25 wa kurithi jeni hiyo mara mbili, na wengi wa aina hiyo huzaliwa viziwi, vipofu, au bila macho kamili. Mtoto wa aina hiyo mara nyingi huwa na manyoya meupe mengi, na muuzaji atakuambia weupe huo ni wa nadra na atakuongezea bei.

Chanjo ya kichaa cha mbwa apewe akiwa na miezi 3, kisha irudiwe kila mwaka au kama daktari atakavyoelekeza. Kwa kuwa tumbo lake linagusa nyasi, kupe humpata haraka kuliko mbwa mrefu. Baada ya kila matembezi mkague kwapani, kati ya vidole, ndani ya masikio na chini ya mkia. Akikataa kula, fizi zikapauka au mkojo ukawa wa rangi ya chai ya rangi, mpeleke akapimwe damu siku hiyohiyo.